Chapa ya Pili: Mwamba Unapokumbuka Siku Nyingine

Waliokua enzi za kaseti wanaukumbuka ujanja huu. Kaseti ya dukani ilikuja na vitundu viwili kwenye ukingo wa juu, ili mtu asirekodi juu ya kilichomo. Ulikuwa unakunja kikaratasi, unakisokomeza kitunduni, na mahubiri yanageuka kuwa taarab ya redioni. Ila rekodi mpya haikuwa safi kila mara. Redio ikiwa imechoka, pale waimbaji wanapovuta pumzi ungesikia kwa mbali mhubiri bado anaendelea.

Naanza na kaseti kwa sababu kinachotokea ndani ya mwamba ni jambo lilelile. Ule utepe wa kahawia ni plastiki iliyopakwa chembe za oksaidi ya chuma, ndugu wa karibu wa chembe zinazoupa udongo wetu wekundu wake, na kilichobeba sauti ni mpangilio wa usumaku wa chembe hizo. Miamba ya mashapo, yaani mchanga, matope na chokaa vilivyotulia na kuwa jiwe, nayo inarekodi. Inarekodi uga wa sumaku wa dunia wa siku matope yalipotulia. Miaka milioni mia baadaye, hali ikiruhusu, inarekodiwa tena juu ya ile rekodi ya kwanza.

Hoja yangu ni hii. Makosa makubwa kabisa katika elimu ya usumaku wa kale yaliletwa na mawe yenye kumbukumbu nzuri. Yalikumbuka barabara na yakajibu kwa uwazi, ila yalikuwa yanaieleza siku tofauti na ile tuliyoyauliza. Na waliokuja kuyafichua makosa hayo, mara nyingine wakiwa wale wale walioyafanya, walifanya kazi ngumu kuliko ugunduzi wa kwanza. Wanastahili kutajwa zaidi ya wanavyotajwa.

Tuone kwanza chapa ya kwanza inavyoingia. Mto unaleta tope ziwani. Ndani ya tope kuna chembe za magnetaiti, aina ya oksaidi ya chuma, nyingi zikiwa ndogo kuliko elfu moja ya milimita, na kila moja ni sumaku kamili. Chembe inapozama kwenye maji yaliyotulia hugeuka kidogo kuufuata uga wa dunia, kama sindano ya dira. Ikifika chini inaweza kuendelea kujiweka sawa ndani ya tope laini, mpaka uzito wa matabaka ya juu uikamue maji na kuibana. Hapo mwelekeo unafungwa. Usumaku wenyewe ni hafifu mno. Ukiisogeza dira ya mkononi karibu na mwamba wa aina hii, sindano haitatikisika. Maabara hutumia sumakumita ambazo moyo wake hupozwa hadi nyuzi kama 269 chini ya sifuri ndipo zisikie mnong'ono huo.

Mnong'ono huo una thamani kwa sababu unataja mahali. Uga wa dunia, ukichukuliwa kwa wastani wa maelfu ya miaka, hulala sambamba na ardhi kwenye ikweta na kusimama wima kwenye ncha. Kati ya hapo, mwinamo wake, yaani pembe kati ya uga na ardhi, una hesabu fupi: tanjenti ya mwinamo ni mara mbili ya tanjenti ya latitudo. Tope linaloganda leo Nanyuki lingetarajiwa kubeba mwinamo wa karibu sifuri, na linaloganda London nyuzi kama 68. Kwa hiyo ukikuta Ulaya ya kaskazini jiwe la kale ambalo mwinamo wake umelala, una ushahidi kwamba lilizaliwa kwenye joto la tropiki likasafiri na bara lake. Kwa hoja ya namna hii Keith Runcorn, Edward Irving na wenzao waliwarudisha wataalamu, katika miaka ya 1950, kwenye wazo la mabara yanayosogea, wazo ambalo wengi walikuwa wameshalizika.

Na jiwe linataja pia wakati, kwa lugha yenye herufi mbili tu. Mwaka 1906 Bernard Brunhes, Mfaransa, alieleza kwamba udongo uliochomwa na lava huko Pontfarein ulikuwa na usumaku uliopinduka: kaskazini yake ilitazama kusini. Leo tunajua kwamba uga wa dunia umegeuka mara nyingi sana. Mgeuko mkubwa wa mwisho ulitokea kama miaka 780,000 iliyopita, na tangu hapo tumekaa katika hali tunayoiita ya kawaida, kwa kuwa tu ndiyo tuliyoikuta.

Hata kabla ya chapa ya pili kuingia, mashapo yana udhaifu wake wa kuzaliwa. Chembe ndefu zikitua huelekea kulala, na tope likikandamizwa huzilaza zaidi, kwa hiyo mwinamo unaobaki ni mdogo kuliko uliokuwepo. Chukua tope lililotulia kwenye latitudo ya nyuzi 30. Mwinamo wake halisi ni kama nyuzi 49. Tanjenti ya mwinamo ikipunguzwa hadi asilimia 60 ya ilivyokuwa, punguzo ambalo si la ajabu kwa mawe mekundu, jiwe litasoma nyuzi 35, na ukirudi kwenye hesabu utaambiwa lilizaliwa kwenye latitudo ya nyuzi 19. Umelisogeza bara kilomita 1,200 kuelekea ikweta kwa kosa la kukandamizwa kwa tope. Linarekebishika, lakini sharti ujue lipo.

Chapa ya pili ina njia nyingi za kuingia. Iliyo ya polepole kuliko zote ni muda wenyewe. Chembe dhaifu hazishiki mwelekeo wake milele. Huachia moja moja na kuufuata uga uliopo. Kwa kuwa uga umekuwa wa kawaida kwa miaka 780,000, karibu kila mwamba juu ya ardhi umevaa koti jembamba la usumaku wa kawaida, hata kama ndani yake umepinduka. Ndiyo maana mtu makini akipima mashapo na kupata "kawaida" huwa na wasiwasi zaidi kuliko akipata "kugeuka". Jibu la kwanza lingeweza kuwa la leo tu.

Njia nyingine ni joto. Magnetaiti hupoteza usumaku wake wote ikifika nyuzi 580, hemataiti, oksaidi ya chuma iliyo nyekundu, karibu nyuzi 680. Mwamba uliozikwa kilomita kadhaa haufiki huko, lakini hauhitaji kufika. Joto la chini likikaa kwa mamilioni ya miaka hufanya kazi ambayo maabara huifanya kwa nusu saa kwenye joto kali.

Lakini njia iliyowapotosha watu zaidi ni kemia, na hapa nataka nikae kidogo. Maji yenye chumvi yakipita ndani ya mwamba, au udongo wa mfinyanzi ukibadilika polepole kuwa madini mengine, chuma kilichokuwa kimejificha hutoka na kuunda chembe mpya za magnetaiti au hemataiti. Chembe inapoanza ni ndogo mno na haina kumbukumbu. Usumaku wake unayumba kila sehemu ya sekunde. Inakua. Ikivuka kipimo fulani, kwa magnetaiti ni kama nanomita 30, yaani unaweza kupanga zaidi ya elfu thelathini zake ndani ya milimita moja, ghafla inashika mwelekeo wa uga wa siku hiyo na inaweza kuubeba kwa mabilioni ya miaka. Hakuna moto uliohitajika. Jiwe la chokaa ambalo halijawahi kuzidi joto la maji ya chai linaweza kupewa kumbukumbu mpya kabisa, yenye nguvu kuliko ile ya kuzaliwa.

Mawe mekundu yana fumbo lao hapo. Wekundu ni hemataiti. Je, hemataiti hiyo ilikuja na mto ikiwa tayari nyekundu, au ilikua ndani ya mchanga baada ya miaka elfu, au milioni kumi? Wataalamu walibishana vikali juu ya swali hili katika miaka ya 1970 na 1980. Jibu linatofautiana kwa kila mwamba, na mara nyingi kwa kila chembe: kubwa nyeusi zinazong'aa ni za kwanza, na vumbi jekundu linalozizunguka lilikuja baadaye. Mwamba mmoja, mashahidi wawili.

Namna ya kuwahoji ilibuniwa mapema. Mwaka 1949 John Graham, wa Taasisi ya Carnegie huko Washington, alichapisha vipimo ambavyo bado ndivyo mahakama ya fani hii. Fikiria mkeka uliotandazwa, umechorwa mishale yote ikitazama upande mmoja. Ukiukunja mkeka, mishale inatawanyika. Ukiunyoosha, inarudi pamoja. Sasa fikiria mkeka uliokunjwa kwanza, kisha ukachorwa mishale yote ikielekea upande mmoja. Ukiunyoosha huu, mishale ndiyo inatawanyika. Mwamba uliokunjwa na nguvu za milima hupimwa vivyo hivyo. Maelekezo yakikusanyika baada ya kunyooshwa kwa hesabu, usumaku ni mkongwe kuliko mkunjo. Yakitawanyika, ni mchanga kuliko mkunjo. Graham alieleza pia kipimo cha kokoto: mawe yaliyovunjika kutoka kwenye tabaka fulani na kuviringishwa na maji yanapaswa kuwa na maelekezo ya ovyo. Kokoto zote zikitazama upande mmoja, kuna kitu kilizipiga chapa zikiwa zimeshalala.

Maabara inaongeza kazi ya kumenya. Kipande cha mwamba, kwa kawaida silinda ya kipenyo cha sentimita mbili na nusu iliyotobolewa na kuwekewa alama ya kaskazini kabla haijang'olewa, hutiwa kwenye tanuri isiyo na uga wa sumaku. Nyuzi 100, unapima. Nyuzi 200, unapima. Unaendelea hadi usumaku uishe. Chapa dhaifu hutoka kwanza, kama ganda la kitunguu, na kilicho chini huanza kuonekana. Tangu Zijderveld aeleze mwaka 1967 namna ya kuchora hatua hizo kwenye mchoro mmoja, mtu anaweza kuona kwa macho mstari unavyopinda pale shahidi mmoja anapomaliza na mwingine kuanza. Hatari inakuja chapa mbili zinapotoka kwenye joto lilelile. Hapo mstari unanyooka vizuri kabisa na kukupa jibu ambalo halijawahi kuwa kweli siku yoyote.

Sasa kesi yenyewe. Mwaka 1978 Dennis Kent na Neil Opdyke, wa kituo cha utafiti cha Lamont huko New York, walichapisha matokeo kutoka mawe mekundu ya Catskill, Pennsylvania, yaliyotandazwa na mito mwishoni mwa enzi ya Devoni, zaidi ya miaka milioni 360 iliyopita. Walilinganisha latitudo waliyoipata na ile iliyopatikana kwenye miamba ya umri wa karibu kutoka pwani ya New England na majimbo ya mashariki ya Kanada, eneo ambalo wanajiolojia huliita Acadia. Hazikulingana. Acadia ilionekana kuwa kusini zaidi kwa nyuzi nyingi. Hitimisho likafuata kwa mantiki safi: Acadia haikuwa mahali ilipo leo, iliteleza kaskazini kando ya bara kwa kilomita 1,500 au zaidi, katika enzi ya Kaboniferi, iliyoifuata Devoni. Wazo likavuka bahari. Mwaka 1981 Rob Van der Voo na Christopher Scotese walipendekeza mtelezo wa kilomita kama 2,000 kwenye ufa wa Great Glen, ule unaoikata Scotland na kuibeba Loch Ness tumboni.

Wanajiolojia wa nyundo na buti walipinga. Ufa uliosogea umbali huo ungeacha alama zilizo wazi zaidi kwenye miamba ya pande zote mbili. Lakini namba zilikuwa namba, zilitoka kwenye mashine nzuri, na ziliungana na ramani mpya za mabara zilizokuwa zikichorwa wakati huo kwa shauku kubwa.

Kilichoiangusha hoja ni kurudi kwenye mawe. Mwaka 1984 Edward Irving na David Strong walichapisha vipimo vya mawe ya Kaboniferi kutoka magharibi mwa Newfoundland, yaani upande wa bara lenyewe na si wa Acadia. Walipoimenya chapa ya juu, chini yake palikuwa na mwelekeo wa zamani unaoonyesha latitudo ya kusini, sawasawa na ya Acadia. Hapakuwa na tofauti. Kipande kilichodhaniwa kusafiri hakikuwa na kosa. Kilichokuwa kimepigwa chapa upya ni kile kilichotumika kama kipimo cha rejea, bara lenyewe. Mwaka 1985 Kent na Opdyke wakatoa kazi yao juu ya miamba ya Mauch Chunk huko Pennsylvania, safari hii wakimenya kwa joto mpaka mwisho, na wao wenyewe wakakuta chapa mbili. Mwaka uliofuata Kent, akiwa na mwenzake John Miller, akarudi Catskill kwenyewe. Mtelezo mkubwa ukafutika.

Nakutaka msomaji ulione jambo lililo gumu hapa. Chapa hii ya pili haikuwa uchafu unaoonekana. Ilikuwa thabiti, imenyooka, na katika sehemu nyingi za Appalachia, safu ya milima ya mashariki mwa Marekani, ilielekea kukipita kipimo cha Graham, kwa sababu iliingia kabla ya mkunjo kumalizika. Kipimo cha mkunjo kinakuambia tu kwamba usumaku ni mkongwe kuliko mkunjo. Mkunjo ukiwa ulikuja miaka milioni 80 baada ya mwamba kuzaliwa, kuna nafasi ya miaka milioni 80 ya kudanganyika katikati. Baadhi ya miamba hata hukusanya mishale yake vizuri zaidi ikinyooshwa nusu tu, maana yake ilipigwa chapa wakati ileile milima ilipokuwa inainuka.

Kulikuwa na sababu nyingine ya chapa hiyo kuonekana safi kiasi hicho. Kwa muda wa miaka kama milioni 50, kuanzia Kaboniferi hadi katikati ya Permi, enzi inayoifuata, uga wa dunia ulikaa umegeuka karibu bila kubadilika. Kipindi hicho kinaitwa Kiaman, kwa jina la mji wa Kiama, New South Wales, Australia. Mwamba wowote uliorekodiwa upya ndani ya kipindi hicho ulipata mwelekeo uleule. Ndiyo maana kutoka New York hadi Oklahoma, kwenye chokaa na mchanga wa umri tofauti kabisa, mishale inakubaliana. Ukikuta mashahidi mia wanasema neno lilelile kwa sauti ileile, ni kawaida kuamini. Hakimu mzoefu angeuliza walikaa wapi pamoja usiku uliotangulia.

Walikaa ndani ya maji ya moto, ndilo jibu ambalo wengi walilipata kwanza. Afrika na Amerika ya Kaskazini zilipogongana na kuiinua milima ya Appalachia, maji yaliyokuwa ndani ya mashapo yalikamuliwa kuelekea ndani ya bara. Jack Oliver, mtaalamu wa mitetemo wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliliweka wazo hilo mezani mwaka 1986, akiliunganisha na safari ya mafuta ya petroli na madini ndani ya miamba. Watafiti waliokwisha kuchekecha chokaa za New York kwa asidi walikuwa wamekuta chembe za magnetaiti za mviringo, zisizo na titani ambayo magnetaiti ya volkano huwa nayo. Hazikuja na mto. Zilikulia mle. Baadaye wengine walionyesha kwamba maji kutoka mbali si lazima kila mahali: udongo wa mfinyanzi unaobadilika kwa kuzikwa tu unatosha kuachia chuma. Mjadala huo haujafungwa na hauna haja ya kufungwa kwa jibu moja, kwa kuwa Appalachia ni ndefu.

Na hapa sikubaliani na wanaoiita chapa ya pili uchafu wa kuondolewa. Dolomaiti ya Bonneterre huko Missouri, mwamba wa jamii ya chokaa, ni ya enzi ya Kambri, kongwe zaidi kuliko Devoni, lakini usumaku wake unasema mwisho wa Kaboniferi na mwanzo wa Permi. Ndani yake mna mojawapo ya hazina kubwa za risasi duniani. Madini ya risasi ni vigumu sana kuyapatia umri kwa njia nyingine. Chapa ya pili ilisaidia kueleza lini maji yenye madini yalipita. Mtu aliyekuja kutafuta latitudo ya Kambri aliondoka mikono mitupu, ila jiwe lilikuwa linamweleza habari ya maana kuliko aliyoiuliza.

Kesi ya pili iko nyumbani, mashariki mwa Ziwa Turkana, Koobi Fora. Mwaka 1969 Kay Behrensmeyer alikuta zana za mawe kwenye tabaka la majivu ya volkano, na tabaka likapewa herufi za jina lake, KBS. Sampuli za kwanza zilizopelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller zilitoa umri wa zaidi ya miaka milioni 200, jambo lisilowezekana, kwa kuwa majivu yalikuwa yamechanganyika na chembe za miamba mikongwe. Sampuli safi zaidi zilitoa milioni 2.6, ikachapishwa mwaka 1970. Miaka miwili baadaye Bernard Ngeneo, Mkenya mwenye jicho kali la mifupa, aliona chini ya tabaka hilo vipande vya fuvu la jamaa wa kale wa binadamu, ambalo dunia inalijua kwa namba 1470. Fuvu kubwa hivyo, chini ya majivu ya milioni 2.6, lilikuwa tukio.

Mwaka 1974 Andrew Brock na Glynn Isaac walichapisha mfuatano wa usumaku wa mashapo hayo. Lugha ya herufi mbili, nimeshasema. Kawaida, geuka, kawaida, geuka. Mfuatano kama huo hauna tarehe ndani yake. Ni sharti uushikize mahali pamoja ndipo uulinganishe na kalenda ya dunia. Msumari uliokuwepo ulikuwa ni milioni 2.6. Waliutumia, na mfuatano ukakaa vizuri. Kwa wengi hiyo ikawa ni uthibitisho wa tarehe, ingawa tarehe ndiyo iliyokuwa imeupanga mfuatano.

Waliokataa walikuwa nguruwe. Basil Cooke alikuwa ameyapima magego ya nguruwe wa kale kutoka Koobi Fora, Oldupai na bonde la Omo kule Ethiopia, magego ya mwisho ambayo katika ukoo mmoja yalizidi kurefuka kizazi hadi kizazi. Nguruwe wa chini ya KBS walifanana na wa Omo wa miaka milioni 2 hivi, si 2.6. Mwaka 1975 Garniss Curtis na wenzake huko Berkeley walipata tarehe za 1.6 na 1.8. Ubishi ukawa mkali, wenye majina makubwa na kiburi cha kutosha. Mwaka 1977 matokeo ya nyongeza ya usumaku yalichapishwa na Jack Hillhouse, Ndombi, Allan Cox, na Andrew Brock mwenyewe. Thure Cerling na Frank Brown walionyesha kwa kemia kwamba majivu ya KBS ni yaleyale yaitwayo H2 huko Omo. Mwaka 1980 Ian McDougall na wenzake walipata milioni 1.89, na Andrew Gleadow, kwa njia tofauti, karibu namba hiyohiyo. Mwaka 1986 Hillhouse, Cerling na Brown waliupanga upya mfuatano wote wa Koobi Fora.

Mashapo ya mtoni na kando ya ziwa yana mapengo. Gharika moja inaweza kufuta kurasa za miaka laki kadhaa. Yana lile koti la usumaku wa leo pia. Mwenye herufi mbili tu, mapengo asiyoyajua na koti asilolimenya lote, anaweza kuulinganisha mfuatano wake na sehemu zaidi ya moja ya kalenda, na kila mara ukakaa vizuri. Sisemi Brock na Isaac walikuwa wazembe. Nasema usumaku uliombwa utoe ushahidi wa peke yake ilhali ulikuwa umeshikwa mkono na shahidi mwingine.

Ndiyo maana nadhani tunapaswa kudai mambo mawili kila mwamba wa ukanda wetu unapopimwa. Kwanza, hatua zote za kumenya zichapishwe, kila joto na kila mwelekeo, si jibu la mwisho tu. Hifadhidata ya kimataifa iitwayo MagIC ipo kwa kazi hiyo, na kuitumia si mzigo. Pili, sampuli zenye alama ya kaskazini zitunzwe, na nusu yake ibaki katika nchi zilikotoka, ili mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam wa miaka thelathini ijayo, mwenye mashine inayosikia vizuri zaidi, aweze kuzirudia bila kuomba ruhusa ng'ambo. Bila mawe ya kurudiwa, Catskill ingekuwa bado inatudanganya.

Kwenye mpangilio wa leo, majivu ya KBS yamo ndani ya kipindi kifupi cha usumaku wa kawaida, kati ya miaka milioni 1.95 na 1.78 hivi iliyopita, kilichoingia katikati ya muda mrefu wa kugeuka. Kipindi hicho kilitambuliwa na Sherman Grommé na Richard Hay, waliochapisha mwaka 1963 vipimo vya basalti ya chini kabisa ya bonde moja la Tanganyika, lava iliyopoa haraka na kushika uga wa siku yake bila utata. Wakati fuvu la 1470 lilipokuwa likigombaniwa, msumari wa kweli ulikuwa umekwisha kupigiliwa kusini mwa mpaka. Bonde hilo Wamaasai wanaliita Oldupai, kwa jina la mkonge-mwitu unaoota pale; wageni walisikia vibaya wakaandika Olduvai, na ndivyo kipindi hicho kinavyoitwa mpaka leo kwenye kalenda ya dunia.